Mwaka Tuliotia Akogo Kwenye Kompyuta

Mwezi uliopita Twaha alikuja Jinja kunitembelea. Hatukuwa tumeonana tangu alipohamia Nairobi, na tulisimama kidogo mlangoni mwa studio yangu tukichunguzana, kila mmoja akimtafuta kijana aliyemjua ndani ya mtu mzima aliyekuwa mbele yake. Yeye amenenepa na ndevu zimeingia mvi. Mimi siku hizi siachi miwani. Nilimkalisha kwenye kiti changu, nikaagiza chai na sambusa, na kabla hatujamaliza kuulizana habari za watoto, mwalimu mmoja wa kwaya anayejifunza kwangu alilalamika kutoka kwenye kompyuta ya pembeni kwamba ala aliyoichagua inachelewa kufunguka. Ilikuwa okestra nzima, fidla na tarumbeta na ngoma kubwa, zote zimebanwa katika faili alizozipakua akiwa amekaa hapo hapo anakunywa soda. Twaha akanitazama, nami nikamtazama. Tulicheka mpaka yule mwalimu akavua hedifoni, akauliza amekosea nini. "Hujakosea, mwalimu," Twaha akamwambia. "Ila sisi wawili tulihangaika hivyo kwa akogo moja tu."

Akogo, kwa asiyeijua, ni ala ya kwetu Wateso: kisanduku cha mbao kinachoenea mikononi, juu yake vimepangwa vyuma vyembamba, nawe unavipiga kwa vidole gumba. Ina sauti ya matone ya maji yanayoanguka katika sufuria ya bati, na nyuma ya kila tone kuna mvumo mdogo, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Twaha alipoondoka jioni ile nilibaki nikiisikia kichwani, na nikaona ni vizuri nieleze mwaka ule ulikwendaje, maana kila kitu nilichofanya baadaye kilianzia hapo.

Mwaka huo nilikuwa Mbale nasomea ukatibu na kompyuta katika chuo kidogo, nimepanga chumba mtaa wa Namakwekwe kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Nandudu. Chumba changu kilikuwa nyuma ya nyumba yake kubwa, mlango wa chuma, kitanda, meza moja, na dirisha lililotazama mlima wa Wanale, ambako wakati wa mvua maporomoko yalichora mistari myeupe kwenye mwamba. Mama Nandudu alikuwa mpishi asiye na mfano. Jioni aliniita jikoni na kunipakulia malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, akiyapika kwa karanga zilizosagwa mpaka mchuzi ukawa mzito kama uji. Lakini siku ya kwanza kabisa, kabla hajanipa ufunguo, alinipa sharti lake moja, na alilisema kwa Kiswahili makusudi, kile Kiswahili chake cha kubadilisha herufi: "Hapa kwangu sitaki rugha ya bunduki." Sharti hilo lilinikata, maana kwa wengi wa mji ule Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na kwangu kilikuwa lugha ya nyumbani. Mimi nililelewa katika kambi ya jeshi Jinja, ambako jirani wa kulia ni Mwacholi, wa kushoto Mlugbara, na lugha ya kugombana, kuomba chumvi na kubembeleza watoto ilikuwa hiyo hiyo moja. Nilikuwa naota kwa Kiswahili. Kwake ikabidi nikiache getini kama mtu anavyoacha baiskeli, tukawa tunaongea Kiganda.

Sababu yake niliisikia bila kuambiwa wala kuuliza. Alasiri moja nilikuwa nafua nyuma ya jiko, naye amekaa ndani na jirani yake wakichambua maharage. Waliongea taratibu, kama wanawake wanavyozungumzia mambo ya zamani sana. "Wale askari walimwambia, njoo bwana, mara moja tu," Mama Nandudu alikuwa anasema kuhusu mumewe. "Akaniachia chai yake mezani, akasema anarudi kuinywa. Hilo neno lao, mara moja, mpaka leo nikilisikia sokoni naangalia nyuma." Nilisikia maharage yakidondoka kwenye ungo. Niliendelea kusugua shati lile lile mpaka povu likaisha, na tangu siku hiyo sikumlaumu tena kwa sharti lake.

Mahali nilipoweza kupumua kwa Kiswahili palikuwa mjini, nyuma ya duka la jumla la Hajji, baba yake Twaha. Wao walikuwa Waislamu wa mji, Kiswahili chao kilitoka msikitini na kwa wateja wa Kenya, hakikuwa na harufu ya kambi. Mbele Hajji aliuza vitenge kwa majora, na nyuma, katika stoo iliyojaa marobota ya nguo mpaka darini, Twaha alikuwa na kompyuta, kinanda kidogo kisichotoa sauti chenyewe, na kipaza sauti kimoja. Alirekodi kaswida na matangazo ya harusi. Nilimpelekea kaseti ya kwaya yetu ya kambini, iliyorekodiwa kanisani chini ya mabati siku ya mvua, nikamwomba aisafishe. Aliisikiliza akiwa amefumba macho. "Hii haisafishiki, dada," akasema. "Hapa mvua imeimba kuliko watu."

Nilikuwa nimeshageuka kuondoka nilipoona kioo cha kompyuta yake, ile programu ya muziki yenye mistari ya rangi, kila mstari sauti yake. Nilimuuliza inafanyaje kazi. Akanieleza kwa majonzi kwamba binamu yake wa Nairobi alimpa diski yenye ala nyingi zisizo na mbao wala nyuzi, zinaitwa plagini. Unazitia ndani ya programu, unabonyeza kinanda, na kompyuta inatoa sauti ya piano au ngoma au chochote. Ila kwake zilikataa kuonekana. Alikuwa amezitia na kuzitoa mpaka amechoka. "Umeiambia ziko wapi?" nikauliza. Akanitazama kama niliyeuliza kama amemsalimia ng'ombe. Lakini wiki ile ile chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba kompyuta haitafuti kitu, inakwenda pale tu ilipoelekezwa. Tulifungua mipangilio, tukakuta programu ilikuwa inachungulia folda moja tupu, na ala zote zimekaa katika folda nyingine ya jirani, zinangoja wageni. Tukaielekeza njia, tukaiamuru itafute upya. Majina yakaanza kupita chini ya kioo, moja baada ya jingine. Twaha alibonyeza kinanda kwa kidole kimoja, na piano ikatoka kwenye spika, nzito na safi, ndani ya stoo ya vitenge. Nimesikia piano za kweli tangu wakati huo, katika kumbi kubwa. Hakuna iliyonigusa hivyo.

Furaha hiyo haikudumu, kwa sababu sauti ilikuwa inachelewa. Ulibonyeza leo ukasikia kesho, kama mtu anayepigia Wanale kelele na kungoja mlima umjibu. Siku kadhaa tulishinda hapo, mimi nikitoka chuoni moja kwa moja, Hajji akiuliza kupitia ukuta, katikati ya kubishana na wateja, "Twaha, hicho kinanda bado kinaumwa?" Tuligundua polepole kwamba kompyuta hujaza sauti katika kibakuli kabla ya kuimimina. Kibakuli kikiwa kikubwa, unangoja. Kikiwa kidogo mno, sauti inamwagika na kukwaruza kama mafuta ya chapati. Twaha alipata programu ndogo ya kuisaidia kadi ya sauti, tukapunguza kibakuli kidogo kidogo, tukisikiliza, mpaka tukafika mahali ambapo kidole na sauti vilikutana. Nilikuwa na miaka ishirini. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniambia kwamba naweza kumaliza tatizo ambalo mwanzoni sikujua hata jina lake.

Hapo ndipo anapoingia Sajini Okiror. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya ya kambini, mtu mrefu wa maneno machache, na akogo yake ndiyo iliyobeba nyimbo zetu zote. Alikuwa ametunga wimbo mmoja, "Tutarudi kwa Miguu Yetu", kwa sababu amri ilikuwa imetoka: askari wengi wa kwaya wangepelekwa nje ya nchi kulinda amani, yeye na kundi la kwanza, wengine wakifuata baada ya majuma machache. Walitaka kuwaachia watoto wimbo huo kwenye diski. Nilipompigia simu kumwambia kuhusu stoo ya Twaha, aliomba ruhusa ya siku moja, akaja Mbale na akogo yake imefungwa ndani ya shati kuukuu la kazi. Alipofika, umeme ulikuwa umekatika, na jenereta ya jirani ilikuwa inanguruma hata usisikie mtu akikohoa. Tulikaa juu ya marobota tukila chapati zilizokatwakatwa na kuchanganywa na maharage, chakula ambacho vijana wa mjini hukiita kikomando. "Kikomando," Okiror alisema akikitazama kisahani chake. "Komando gani alikula vizuri hivi?"

Umeme ulirudi alasiri, basi lake la kurudi Jinja likiwa la jioni hiyo hiyo. Twaha alitaka arekodi wimbo mzima kwa akogo peke yake, waimbaji waje kuimba juu yake baadaye. Mimi nilijua haitawezekana. Koplo Christine, mwimbishaji wetu, alikuwa haimbi kwa saa ya mtu. Alivuta pumzi alipotaka, akarefusha neno alilolipenda, na Okiror alimfuata kwa macho. Angewekewa akogo ya mtu asiyekuwepo, asiyeweza kumngoja, angesongwa. Nikasema, bila kuwa na hakika kamili na ninachosema, kwamba tusirekodi wimbo. Turekodi akogo yenyewe, chuma kimoja kimoja, halafu tuijenge upya ndani ya kompyuta ili mtu aipige mbele ya waimbaji.

"Moja moja?" Okiror akauliza kwa Kiswahili chake cha kambini. "Kama kuku nakula mahindi?"

"Ndiyo, Afande. Polepole kwanza, halafu kwa nguvu. Kila chuma mara nyingi."

"Na wimbo?"

"Wimbo utabaki kwa Christine."

Aliufikiria. Twaha alikuwa ananipa ishara za kichwa kwamba muda unakwisha. "Hii mtoto naongea kama ofisa," Okiror akamwambia Twaha, kisha akakunja mikono ya shati. Ile stoo, kwa sababu ya nguo zilizojaa ukutani, ilikuwa mahali pa kimya kuliko pote Mbale. Akapiga chuma cha kwanza, akakiacha kilie mpaka kikafa chenyewe, nacho kikafa polepole sana. Kisha tena. Kisha cha pili. Adhana ya alasiri ilipoanza msikitini, alivua kofia akaiweka gotini, akangoja mpaka ikaisha, ndipo akaendelea. Alipiga chuma kwa chuma kwa utii ule ule wa gwaride, bila kuuliza tena. Tulipomaliza alisimama akaitia akogo ndani ya shati lake.

"Sasa uko nayo yote humo?"

"Sauti zake, Afande."

"Na mikono je?"

"Mikono nitaitafuta."

Alinipa mkono, akampa Twaha, akatoka mbio kuelekea stendi. Juma hilo hilo aliondoka nchini.

Sasa nilikuwa nimeahidi. Binamu wa Nairobi alikuwa ametupa pia plagini moja tupu, isiyo na sauti yoyote, kama kabati lenye droo nyingi: kila kitufe cha kinanda ni droo, nawe unatia humo sauti unayoitaka. Twaha alikata rekodi vipande vipande na mimi nikavipanga, chuma chenye sauti nzito kushoto, chenye sauti nyepesi kulia, kwa mpangilio wa piano. Kila kitufe kilitoa akogo ya Okiror bila kasoro. Nilipojaribu kupiga wimbo, ikatoka mlio wa simu ya mkononi. Ilikuwa aibu. Tukafikiri, tukala, tukafikiri tena. Jambo la kwanza tulilolipata ni kwamba sauti moja ikirudiwa vile vile, sikio linaikataa. Mkono wa mtu haurudii kitu sawasawa. Basi tukatumia zile rekodi nyingi za kila chuma, tukaiamuru plagini izipokeze zamu, na kidole kikigusa taratibu itoe ile ya taratibu. Jambo la pili lilituletea ugomvi. Twaha alisema akogo ile haiko sawa na piano, baadhi ya vyuma vimepanda, vingine vimeshuka, na kompyuta inaweza kuinyoosha kwa dakika moja. Nikakataa. "Ukiinyoosha itakuwa akogo ya nani?" nikamuuliza. "Koo za wale watu zimezoea hii." Alinuna siku nzima. Kesho yake alikuja na mandazi, akaiacha kama ilivyo.

Lakini bado haikuwa hai, na hapo nilikwama kweli. Vidole vyangu vilirukaruka kwenye kinanda na wimbo ukatoka umekatika pumzi. Nilianza kuamka alfajiri nikimfikiria Christine na wenzake wanapanga mizigo. Siku moja nilikuwa jikoni kwa Mama Nandudu namenya karanga, namenya huku mawazo yako mbali, nikatazama mikono yangu. Gumba la kushoto, gumba la kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayetembea. Nikaacha karanga. Kwenye akogo chuma kizito hakikai pembeni; kinakaa katikati, na vinavyofuata vinapanda kwa kupokezana, kimoja kushoto, kimoja kulia, mpaka vyepesi vikafika kingoni. Ndiyo maana magumba hutembea. Mimi nilikuwa nimeitandika akogo kama piano kisha nashangaa haitembei. Nilimwomba Mama Nandudu radhi, nikapanda boda boda mpaka dukani, tukahamisha droo zote. Kizito katikati, vingine huku na huku. Nikakunja vidole vinane, nikaacha magumba mawili. Nilikuwa nimemtazama Okiror akipiga kila Jumapili tangu nikiwa mdogo, nimekaa miguuni pake, na kumbe magumba yangu yalikuwa yanatazama pia. Wimbo ulitoka wenyewe. Twaha alisimama kwenye kiti. Hajji alikuja na futi ya kupimia nguo shingoni, akaegemea mlango, akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwa sauti ya daktari, "Sasa kimepona," akarudi kwa wateja.

Kesho yake Koplo Christine alipiga simu: wamepewa lori na siku moja tu, Jumamosi, kabla ya kuondoka. Stoo isingetosha kwaya nzima, hata ungetoa nguo zote. Chumba kikubwa na chenye utulivu nilichokijua Mbale kilikuwa kimoja, sebule ya Mama Nandudu, yenye mapazia mazito, zulia, na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma. Nilizunguka ua mara nyingi kabla ya kuingia. Alikuwa anakunja nguo. Nilimweleza yote kwa Kiganda, bila kuficha kwamba ni askari na kwamba wimbo ni wa Kiswahili. Aliendelea kukunja. "Hapana," akasema. Nikasema sawa, mama. Nilipofika mlangoni akauliza, bila kuinua macho, "Wanaimba nini?" Nikamtafsiria: tunakwenda tulikotumwa, msituhesabu na waliopotea, wekeni chai motoni, tutarudi kwa miguu yetu. Alishika shuka moja kwa ncha zake mbili, akasimama nayo hivyo kwa muda mrefu, kama aliyesahau inakunjwaje.

"Yeye hakurudi," akasema. Kisha akaikunja ile shuka na kuiweka juu ya nyingine. "Hawa warudi. Waambie waje. Lakini buti wavue nje."

Basi Jumamosi ile lori la jeshi liliingia Namakwekwe, wachuuzi wakaacha biashara zao kutazama, na veranda ya Mama Nandudu ikapangwa buti nyeusi kutoka mlangoni mpaka kwenye tangi la maji. Ndani askari walisimama juu ya zulia kwa soksi, wanaume na wanawake, wengine soksi zimetoboka vidoleni, wamenyamaza kama watoto waliopelekwa kwa mkuu wa shule. Mama Nandudu alikuwa amejifungia jikoni. Twaha aliunganisha nyaya, mimi nikakaa kwenye kinanda, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Akogo ilionekana kwenye kioo, droo zote zipo mahali pake, na hakuna iliyotoa sauti. Nilisikia mtu nyuma yangu akipumua kwa nguvu, na Christine akasema polepole, "Apolot, dereva anatuhitaji kambini kabla ya jioni." Kisha nikajiuliza swali lile nililomuuliza Twaha siku ya kwanza. Nikamgeukia. "Zile sauti ziko wapi?" Akajishika kichwa. Jana yake alikuwa amehamishia folda kwenye diski nyingine ili kompyuta isijae. Plagini ilikuwa inakwenda kwenye nyumba ya zamani na kukuta mlango umefungwa. Nilifungua, nikaionyesha nyumba mpya, nikaona mstari wa kijani ukisogea kioo kizima. Nikagusa kitufe cha katikati. Chuma kizito cha Okiror kikalia ndani ya sebule ile, na nyuma yake nyuki wake, na askari mmoja mzee akasema kwa mshangao, taratibu, "Afande iko hapa."

Waliimba. Christine alivuta pumzi alipotaka, akarefusha neno alilolipenda, na mimi nikamtazama mdomo na kumngoja. Mwishoni, kwaya iliponyamaza, magumba yangu hayakutaka kusimama, yakaongeza mzunguko mmoja mdogo ambao Okiror hakuwahi kuupiga, kama mtu anayegeuka kutazama nyumba mara ya mwisho kabla ya kukata kona. Hakuna aliyenizuia. Twaha alipoinua mkono kuonyesha tumemaliza, mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na Mama Nandudu amesimama hapo na taulo begani. Alizunguka na sinia ya chai, akampa kila mmoja kikombe mkononi. Alipomfikia Christine alimwambia, kwa Kiswahili, "Kunywa yote, mwanangu. Usiache."

Waliondoka na diski zao, na nyingine zikabaki kwa watoto. Kituo kimoja cha redio cha mjini kiliupata wimbo, sijui kwa nani, kikaupiga, na kabla ya majuma mengi kupita madereva wa boda boda wa mtaa wa Nkoma na wachuuzi wa Namakwekwe walikuwa wanaupiga mluzi. Mji ambao watu wake walishusha sauti waliposikia Kiswahili ulikuwa unaimba Kiswahili kikiwa kimebebwa na akogo. Mama Nandudu aliuimba akichambua maharage, "tutaludi, tutaludi", na alipogundua nimemsikia hakunyamaza. Watu walianza kuja dukani kwa Hajji kutuuliza kama tunaweza kuwatilia litungu, ala ya nyuzi ya babu yao, kwenye kompyuta, au ngoma za ukoo, na tuliwaambia tunaweza, kwa sababu sasa ilikuwa kweli. Okiror alipiga simu mara moja tu kutoka huko mbali, laini ikikwaruza. "Apolot," alisema, "hii akogo nilipiga lini?" Nikamwambia hakupiga. Laini ikakatika kabla hajajibu.

Walirudi mwaka ulipokaribia kwisha, wote wa kwaya yetu, mmoja akiwa na fimbo. Siku hiyo nilikuwa Jinja na Twaha, na Mama Nandudu alikuwa amesafiri nasi amevaa gauni lake la gomesi la manjano, akaingia geti la kambi ya jeshi ameshika mkoba kwa mikono miwili na kichwa juu. Watoto walikuwa wamejipanga uwanjani, na malori yaliposimama wakaanza wimbo bila kuambiwa na mtu, walivyoujua kutoka kwenye diski. Okiror alishuka, akawakumbatia wanawe, akatoa akogo kwenye shati lake na kuwafuata kwa kuipiga. Alikwenda nao vizuri mpaka mwisho. Pale kwenye ule mzunguko wa nyongeza watoto waliendelea kuuguna kwa midomo iliyofungwa, na magumba yake yakasimama. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Kisha akanitafuta kwa macho katikati ya watu, akaja mpaka nilipokuwa.

"Hapo mwisho ulifanya nini?" akauliza. "Nionyeshe."

Akaniwekea akogo mikononi. Sikuwa nimewahi kuishika. Pale kambini msichana aliachiwa kuimba, hakuna aliyemkabidhi akogo. Ilikuwa na joto la viganja vyake. Nilitafuta chuma kizito katikati, nikakikuta, cha kushoto kikawepo pale pale nilipokizoea, na cha kulia pia, vikali kuliko vitufe, vikinichoma ngozi ya magumba. Nikapiga ule mzunguko. Okiror aliinama karibu akiangalia mikono yangu. Nikaupiga tena, polepole, ili auone, na mara ya tatu watoto hawakuningoja. Wakaanza wimbo upya kutoka mwanzo, nami nikawapigia.